Umoja anaouhubiri Mkuu

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Mkuu wetu wa chuo leo kajivua nguo hadharani.

Si unaujua ule mpango wa vyuo kununua kwa pamoja huduma ya kuhifadhi data mtandaoni, ili tupunguziwe bei? Basi, sisi tumeketi naye meza moja, kawahutubia wakuu wenzake wa vyuo kwenye skrini: "Atakayesaini peke yake ni msaliti." Msaliti, ati.

Muuzaji wa huduma hiyo akaingia kikaoni, adabu tele: "Shikamoo mzee. Ule mkataba wako wa jana nimeupata, ahsante."

Wa jana. Umesikia?

Mkuu kasema, "Mtandao wangu unakatika," kisha akazima kamera. Vyuo vingine vikatutoa kwenye mpango papo hapo.

Na yeye bado kakaa mezani katikati yetu, eti hatumwoni.