Chini ya Maji Pamehama

Jumanne, 1 Aprili

Kosa la watu wengi baada ya dhoruba ni kukagua nchi kavu tu. Asubuhi hii majirani wamejaa ukingoni, wakionyeshana udongo ulioporomoka na mkuyu uliolala kifudifudi majini. Hakuna aliyeuliza chini ya maji pakoje. Huko ndiko kazi kubwa ilikofanyika.

Nimechemsha uji. Nimewamwagia kuku mtama. Mzee wangu alikuwa ameshachimba minyoo yake na kuitia mkebeni.

Jana upepo ulitoka ziwani na mawimbi mafupi, yaliyofuatana upesi. Mawimbi ya aina hiyo hukwangua mchanga wa ufukweni na kuupeleka ndani, au kando. Siku za utulivu, mawimbi ya polepole huurudisha kidogo kidogo. Nilifundisha jiografia mpaka nikastaafu na somo hili sikulichoka.

Mzee hakwenda kuvua. Nilimzuia. Amenuna.

Jumatano, 2 Aprili

Niandike wazi. Mume wangu haoni. Presha ya macho ilimwibia jicho moja, kisha la pili, polepole, mpaka tukazoea. Ameacha baiskeli. Ameacha kusoma Biblia mbele ya kanisa. Kuvua samaki wa ngege kwa ndoano ndicho kitu pekee anachofanya bila kushikwa mkono.

Anashuka akiupapasa ua wa mkonge. Anaingia mpaka magotini. Kwa nyayo anatafuta vile visahani ambavyo ngege huchimba mchangani ili kutagia. Akivipata anasimama hapo. Boya hatumii, kwa kuwa haoni boya. Mshipi anausikia kwa kidole.

Sasa mahali pake hapapo. Zamani maji ya pale yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa na mawimbi yakivunjika juu yake. Leo ni meusi, na wimbi linapita bila kuvunjika mpaka linagonga ukingo. Wimbi huvunjika kwenye kina kifupi. Lisipovunjika, pana shimo.

Nilimweleza kwa utaratibu. Nikamchorea kiganjani kwa kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mwalimu, wewe unaona. Mimi najua."

Nimekasirika tangu saa ile.

Ijumaa, 4 Aprili

Upepo tena. Ukingo umekatika mpaka kwenye mkonge.

Upande wetu mafunjo yalifyekwa ili watu wapande sukuma wiki na nyanya karibu na maji. Mafunjo ndiyo yaliyokuwa yakilichosha wimbi kabla halijafika. Mchanga huweza kurudi. Udongo ukienda, umekwenda.

Nimeuficha mwanzi wake wa kuvulia nyuma ya ghala. Sioni fahari. Naogopa tu.

Jua linazama, Sabato inaanza. Kesho havui. Nafuu ya siku moja.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda sokoni Kisegi kununua sukari na mafuta ya taa. Niliporudi nilikuta watu wamesimama ufukweni.

Aliupata mwanzi. Mtu asiyeona huijua nyumba yake kuliko mwizi.

Akinyi, jirani yetu, alikuwa akifua. Alimwona akiingia, maji magotini, kisha hakumwona tena. Kofia tu. Aliruka na nguo zake mwilini akamkamata kwa shati. Nilimkuta Mzee amekaa juu ya beseni la Akinyi lililofunikwa kifudifudi, akitapika maji ya ziwa.

"Alipiga hatua moja tu, Mwalimu," Akinyi aliniambia. "Kama mtu ameshuka ngazi, halafu ngazi haiko."

Sikumgombeza. Nilimfunika kwa leso yangu. Mwanzi umekwenda na maji.

Jumatano, 9 Aprili

Haendi. Sikumkataza.

Anakaa uani, uso kuelekea ziwani. Leo aliomba nimshike mkono kwenda chooni, njia aliyoipita mwenyewe miaka yote hii ya giza. Hilo limeniuma kuliko Jumapili. Nilitaka asivue. Havui. Nimepata nilichotaka na sikitaki.

Achieng, binti yetu, alipiga simu kutoka Migori mjini. Habari za Jumapili zimemfikia. Amesafisha chumba. Anataka tuhamie kwake, atakuja Jumapili na gari. Nilimpa Mzee simu nikitarajia vita. Akasema, "Sawa." Basi. Huyu ni mtu ambaye tangu anioe hajawahi kukubali hata chumvi iongezwe bila mjadala.

Akienda Migori hivi alivyo, atakaa kitini mpaka afe. Naliandika kwa sababu siwezi kulisema.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeshinda asubuhi nzima ukingoni, mbali na pale udongo ulipopasuka, nikisoma mawimbi kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wafanye, nami mwenyewe sikuwahi kufanya kwa jambo lenye maana.

Mchanga wake haukupotea. Mawimbi yalikuja kwa mshazari, yakausukuma kando. Sasa umelala kama ulimi karibu na mdomo wa kijito, upande wa pili wa ule mkuyu. Mawimbi yanavunjika pale, meupe, kwa mstari. Nilikunja gauni nikaingia na fimbo, nikipima kila hatua kabla ya kuikanyaga. Pagumu. Pagumu. Kisha nyayo zangu zikaingia kwenye kisahani. Na kingine. Nilisimama katikati ya maji nikicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Nilimweleza. Uso ulimchangamka, halafu ukajifunga. Kwa alivyofunzwa na baba yake, mwanamke hamtangulii mvuvi majini, samaki huhama. Tangu nije katika boma hili sijaruka mwanzi wake hata mara moja, kwa heshima hiyo hiyo. Nikamwambia hilo la leo lilikuwa kupima, si kuvua. Na kuanzia sasa atatangulia yeye, na fimbo mkononi. Mimi nitabaki ufukweni na kamba.

Akanigeuzia uso.

"Kamba ya nini?"

"Ya kukuvuta."

"Kama mbuzi?"

"Mbuzi afadhali, Baba Achieng. Mbuzi habishi."

Alicheka. Kicheko cha kwanza tangu Jumapili. Kisha akauliza kama mianzi ya kule kijitoni bado ipo. Nikamkatia mmoja.

Ijumaa, 11 Aprili

Tulishuka wote wawili. Kamba kiunoni mwake, ncha nyingine nimeizungusha kwenye kisiki. Sina nguvu za kumshika mtu mzima peke yangu na sijidanganyi.

Kabla ya kwenda kule kwingine alitaka kupajua pale pa zamani. Nilikubali. Alisogea kwa nyayo, fimbo mbele. Fimbo ikazama. Akaisukuma. Ikazama yote, na mkono mpaka kwenye kiwiko, na chini hakukupatikana. Akabaki ameinama hivyo muda mrefu, kama anayesikiliza mlango wa mtu.

"Kumbe," akasema. Akaichomoa fimbo.

Kisha tukazunguka mkuyu mpaka kwenye ulimi wa mchanga. Mimi nikimwambia mawimbi yanavunjikia wapi, yeye akiniambia mguu unakuta nini. Kulia kidogo. Hapa kuna tope. Rudi. Hapa sawa. Nilitambua kwamba siku zote nilikuwa nikimweleza ziwa lote, na yeye alihitaji hatua inayofuata tu.

Akinyi akapita na karai la dagaa wa omena kichwani. Hakuweza kutuacha tupumue.

"Mwalimu, siku hizi unachunga mzee?"

Mzee akajibu bila kugeuka. "Afadhali ananichunga, Akinyi. Juzi mlikuwa mnanitafuta."

Akinyi alicheka mpaka akashusha karai.

Alivua fulu, vile visamaki vidogo, na ngege mmoja. Tumemla kabla jua halijazama. Alimparua magamba mwenyewe.

Jumapili, 13 Aprili

Achieng alifika na gari. Hakutukuta nyumbani. Akashuka ufukweni, baba yake yumo majini nami nimeshika kamba. Alipoiona kamba, machozi yalimjaa, ya hasira.

"Mama, na ikikatika?"

Sikumwambia haiwezi kukatika. Nilimwambia ni mpya, na kila siku naikagua. Nilimwonyesha pale maji yanapovunjika na pale yasipovunjika. Yeye ni muuguzi, si mtu wa kupewa maneno matamu. Aliuliza maswali mazuri. Kisha akaniomba kamba akaishika mwenyewe. Mzee alihisi mkono umebadilika.

"Achieng?"

"Ndiyo, Baba."

"Usivute. Kuna anayeuma."

Jioni tuliongea bila kufichana. Ukingo huu unakuja kwetu. Mwaka mwingine utafika kwenye ghala, mwingine kwenye nyumba, tusiporudisha sote mafunjo, na majirani bado wanataka nyanya zao. Nilimwambia chumba asikikodishe. Ipo siku tutakihitaji. Si sasa. Mzee alikuwa akisikia na hakubisha. Achieng akarudi Migori peke yake.

Sina hakika kwamba nimefanya sawa. Nimefanya nilichoweza kuishi nacho.

Jumatano, 16 Aprili

Usiku upepo ulivuma kidogo. Si dhoruba.

Asubuhi ziwa limetulia. Ndege weupe wamekaa juu ya mkuyu. Ukingo haujaporomoka popote ninapoweza kuona. Mzee bado amelala chali, mkono mmoja nje ya blanketi, kidole kikicheza kidogo, labda ndotoni anausikia mshipi. Akiamka atataka uji, halafu atataka kushuka.

Kutoka hapa dirishani sijui mchanga umelalaje.

Kabla hajavua leo, tupime upya.