Gati Nililolitengeneza kwa Kalamu

Jumamosi, 3 Machi 1934

Ripoti ya wiki imekwenda. Posta hufunga mfuko saa sita, na saa tano u nusu nilikuwa bado napiga taipu, jasho linanitoka. Mifereji imezibuliwa. Bawaba za ghala zimebadilishwa. Mbao nne zilizooza kwenye gati la Igogo zimebadilishwa.

Hizo mbao nne hazijabadilishwa. Mninga wenyewe haujafika. Lakini Bwana Injinia anataka kazi zote za wiki zionekane zimekwisha. Mwaka wa kwanza alinifundisha nisiandike kazi ilifanyika Jumatatu au Jumanne. Andika "have been replaced", yaani zimebadilishwa, basi. Kiingereza hicho hakidai siku. Unaandika Jumamosi, fundi anamaliza Jumanne, hakuna anayeumia. Miaka mitatu sasa tunakwenda hivyo.

Chini ya ripoti kuna dole gumba la Mzee Masalu, fundi wetu seremala. Hajui kusoma. Ofisi iko juu mlimani, kazi zake ziko chini ziwani, na magoti yake hayampi raha. Kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi ananigongea dole kwenye karatasi tupu tano, mimi najaza juu. Ananiita karani wangu. Ananiamini kama mtoto wa kumzaa.

Bwana kasema Kiingereza changu kinapendeza. Nimefurahi kama mjinga.

Jumatatu, 5 Machi

Mvua. Mninga haujafika.

Mzee Masalu kalifunga gati kwa kamba, huku na huku, ili watu washukie kwenye mawe. Wauza samaki wamenung'unika, maana mawe yanateleza na matenga ni mazito. Kawaambia bora mnung'unike mkiwa na miguu yenu. Halafu kaenda Kirumba kutengeneza paa la ghala, kazi ya siku tatu.

Jumanne, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bwana Injinia kapita Igogo asubuhi, kaiona kamba. Karudi ofisini, kavuta nakala ya ripoti, kaniuliza mbona gati limefungwa na huku limekwisha kutengenezwa. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu. Ningesema hapo hapo. Bwana, mbao bado. Maneno matatu tu, hata mtoto wa darasa la kwanza anayaweza.

Nikasema fundi amesahau kuifungua kamba.

Akasema basi ifunguliwe. Nikateremka mwenyewe. Nikaifungua kwa mikono yangu, nikaikunja vizuri, nikaiweka kando. Nilikanyaga zile mbao, nikaziona zinabonyea. Nikajiambia zimekaa miaka yote hii, zitakaa siku mbili zaidi. Wauza samaki wakanishukuru. Mmoja kanipa sato wawili, nami nikawapokea.

Jumatano, 7 Machi

Mama Kabula, yule aliyenipa sato, katumbukia saa mbili asubuhi. Tenga kichwani. Ubao ulivunjika, mguu ukapita, ukabanwa kati ya nguzo. Umevunjika mara mbili chini ya goti. Mjane, ana watoto watatu.

Nilisikia kelele nikiwa ofisini. Nilijua kabla sijaambiwa.

Sato tuliwala jana. Mke wangu Anastazia aliwasifu sana.

Alhamisi, 8 Machi

Mimi ni mtu mwovu. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia.

Bwana Injinia kamwita Mzee Masalu ofisini. Mimi mkalimani, maana Bwana Kiswahili chake ni cha kuagiza chai. Mzee kavua kofia, kasimama. Bwana kamwonyesha ripoti, kauliza kama dole hilo ni lake. Nikamuuliza. Kalitazama, kasema ni langu. Nikasema ni lake.

Kisha Mzee kasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu asiyekuwa na wasiwasi: mwambie Bwana kwamba mbao sijazipata, na gati nililifunga kwa kamba, nashangaa nani ameifungua.

Bwana akanitazama, anangoja.

Nikasema kwa Kiingereza: anasema dole ni lake, hana la kuongeza.

Ilinitoka hivyo. Sikuipanga. Ulimi ulikwenda wenyewe, na mimi nikauacha uende.

Bwana kamfukuza kazi. Jumatatu atapelekwa kwa hakimu kwa kudanganya serikali na kuumiza mtu. Huenda akafungwa.  Mzee kamtazama Bwana kwa muda mrefu, kavaa kofia yake, katoka. Mimi hakunitazama. Alidhani maneno yake nimeyafikisha.

Ijumaa, 9 Machi

Nimekwenda hospitali na ndizi. Mama Kabula kanipokea vizuri, na hilo ndilo lililonimaliza. Kasema Mzee Masalu hana kosa, alitufungia sisi tukalalamika, sijui shetani gani kaifungua ile kamba. Nikasema hata mimi sijui. Ah!

Anastazia kaniuliza mbona sili. Nikamwambia yote. Nilitegemea anihurumie. Kaweka mwiko chini, kaniuliza yule mzee ana miaka mingapi. Nikasema sitini na kitu. Kasema na wewe una thelathini, jela utaitoka ukiwa bado na meno. Kisha kaendelea kusonga ugali.

Nilimkasirikia mchana kutwa. Anajua tukifukuzwa nyumba ya kazi inakwenda. Anajua, na kasema vile vile.

Jumamosi, 10 Machi

Ripoti ya wiki. Safari hii nimeandika kwa siku na saa. Jumamosi tarehe tatu niliandika kazi ambayo haikufanyika. Karatasi ilikuwa na dole tangu mwanzo wa mwezi, nikaijaza peke yangu. Jumatatu fundi alifunga gati. Jumanne mimi niliifungua kamba. Nimetia sahihi yangu kamili, na jina la baba.

Jambo moja sikuliandika. Lile la tafsiri. Nilijaribu mara mbili, nikachana mara mbili. Kuukiri uongo wa mbao naweza, uongo wa vitu. Ule mwingine niliusema mtu akiwa amesimama mbele yangu na kofia mkononi. Nikajiambia haya yanatosha kumwokoa.

Nakala ya kwanza nimeipeleka posta, iende makao makuu. Ya pili nimempa Bwana. Kasoma kasimama. Mwisho kaniambia, taratibu, karibu kwa upole, niichane, naye atasahau. Sahihi yake nayo iko kwenye ile ripoti ya kwanza. Nikamwambia nyingine iko posta. Alitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika saba.

Akanifukuza kwa maneno ambayo mwalimu wangu kule Ukerewe hakunifundisha. Nilistahili zaidi ya hayo.

Jumanne, 13 Machi

Jana kwa hakimu sikuitwa mkalimani, niliitwa mkosaji. Bwana kaitoa nakala yake mwenyewe, maana ya kwanza iko njiani. Mzee Masalu kaachiliwa na karudishiwa kazi. Mimi miezi miwili, au faini. Baba yake Anastazia kauza ng'ombe, faini imelipwa. Aibu hiyo nayo nitaibeba. Nyumba tumeiacha leo. Tumepanga chumba kimoja huku Igogo, paa linavuja.

Bwana Injinia bado yupo ofisini kwake. Sikutegemea vingine.

Mama Kabula wanasema atatembea, ila kwa fimbo.

Alhamisi, 22 Machi

Mninga umefika. Nimeteremka gatini asubuhi bila kuitwa. Mzee Masalu alikuwa peke yake, anapima.

Nikamwamkia shikamoo. Akajibu marahaba. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Alipoinua ubao nikashika ncha ya pili, akaniacha. Tulipigilia mbao tatu bila neno. Ziwa lilikuwa limetulia. Moyo ukaanza kunitua, nikafikiri labda imekwisha.

Kwenye ubao wa nne akauliza, bila kuinua macho: siku ile mbele ya Bwana, nilipoitaja kamba, wewe ulimwambiaje?

Ningeweza kudanganya. Zaidi ya Anastazia, hakuna mwingine Mwanza nzima anayejua.

Nikamjibu kamba sikuitaja. Nilimwambia Bwana huna la kuongeza.

Akaweka nyundo chini. Kisha akasema: mimi nilidhani Mzungu amenisikia, akanidharau. Siku zote hizi nimekuwa nikimchukia yeye.

Akachukua ncha ya ubao kutoka mikononi mwangu. Hakunyang'anya, alichukua tu. Akaupanga peke yake, akaupigilia peke yake, magoti yakimuuma, naona. Nilisimama pale mpaka msumari wa mwisho. Halafu nikamuaga. Aliitikia, maana ni mtu wa adabu, na mimi nikapanda zangu nyumbani.