Shahidi wa Nyumba ya Kiamunyi

Kiamunyi, Nakuru
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Kihara,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe, na mkeo Lynn hajambo? Mgongo wako je, umekuachilia, ama bado unapanda ngazi ukijishika kiuno kama babu? Huku tuko. Mvua imezidi, sukuma wiki imeozea shambani, na goti langu la kushoto linatangaza hali ya hewa kabla ya redio. Lakini nakula na nalala, kwa hivyo sina la kumlalamikia Mungu upande huo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Cherop, binti ya jirani, anasafiri Jumamosi kuja kusoma huko kwenu Edmonton, nikaona heri akuletee mkononi. Mambo haya hayafai kusemwa kwenye simu huku watoto wako wakisikiliza.

Tangu Hiram azikwe kule Leeds mwezi wa nne, sijaweza kumlilia vizuri. Kumlilia ndugu bila kuona kaburi ni kazi ngumu. Nilitazama mazishi kwenye simu, picha ikakwama wakati wanamshusha, na iliporudi watu walikuwa wanatembea kuelekea kwenye magari. Hiyo ndiyo kwaheri niliyopata.

Sasa nije kwa nyumba hii ya Hiram ninayokaa. Unajua Hiram alichukua uraia wa Uingereza zamani, wakati ambapo ukichukua wa kwao unapoteza wa kwetu, na hakuwahi kuuomba tena. Kwa hivyo hata hapa Kiamunyi, kilomita chache tu kutoka alikozaliwa, serikali ilimhesabu mgeni, na ploti aliishika kwa lisi, yaani kwa kukodishiwa, miaka tisini na tisa kama mgeni mwingine yeyote. Aliambiwa kwamba mtu wa pasi ya nje mwenye mali huku ni vizuri aandike wosia wa huku, mbali na ule wa kwao. Akaandika. Ulikuwepo.

Unaikumbuka wiki ile tuliyomzika Mama, mwaka wa 2023. Hiram alitoka kwa wakili na wosia umeshapigwa chapa: nyumba hii ni yangu mimi Wamaitha, na mali yake nyingine yote huku ni ya watoto wake wawili, Natalie na kaka yake. Makarani wa wakili walikuwa tayari kushuhudia pale pale ofisini. Yeye akakataa. Alituambia, "Mambo ya kwetu yashuhudiwe na watu wa kuokotwa ofisini? Nina ndugu wawili wazima!" Akaja nao nyumbani, tukasaini mimi na wewe. Nawe ukaongeza kwamba ukiandika wosia wa ploti yako ya Lanet utatufanya mashahidi vivyo hivyo, mimi na Lynn. Tukacheka. Tulijiona familia ya maana kweli.

Juzi nilimwendea wakili mmoja mjini, anaitwa Cherono, mama mpole. Karatasi niliiacha nyumbani kwa woga, nikamweleza kwa mdomo tu. Akaniuliza nani walisaini. Nikamwambia kwa fahari, mimi na ndugu yangu. Aliweka kalamu chini.

"Mama, shahidi hapewi," akasema. "Wosia unasimama, lakini zawadi yako inaanguka, kwa sababu ulijishuhudia mwenyewe. Labda kama kulikuwa na mashahidi wengine wawili ambao hawapati kitu. Walikuwepo?"

Nikasema nitakumbuka. Hebu fikiria, Kihara, nitakumbuka!

Kwa hivyo nyumba inaingia kwenye ile mali nyingine, inakuwa ya Natalie na kaka yake. Cherono anasema anaweza kuniombea kortini kama mtu aliyekuwa akitunzwa na marehemu, ila hakuniahidi chochote, na kesi za namna hiyo zinazeekea huko. Kaka yake Natalie, ambaye hata jina langu hulikosea, ameshaleta dalali kupima. Dalali alipima mpaka chumba cha Mama, mimi nikiwa nimeshika mlango.

Najua utasema niwaombe. Niliacha kazi yangu ya usimamizi kule kwenye shamba la maua Naivasha kwa sababu Hiram alipiga simu akisema Mama hawezi kuachiwa msichana wa kazi. Nikamwosha na kumgeuza kitandani miaka tisa. Mimi nina miaka sitini na moja na sina kwingine. Natalie mwenyewe ana moyo mzuri, lakini hawezi kutoa nusu isiyokuwa yake, na kumwendea mtoto aliyetoka kuzika baba yake nikiwa na mkono nje, hapana. Aibu ingeniua kabla ya baridi.

Sasa nina ombi, na si zuri. Ndegwa, yule fundi wa cherehani hapa jirani, nilimweleza shida yangu. Akaniambia, "Mathe, hii ni kitu ndogo sana. Mimi na bibi yangu tunasaini hapo chini, tunasema tulikuwa. Nani atajua?" Amepata hata kalamu ya rangi ile ile. Nimewaambia waje Jumapili baada ya kanisa. Wosia wenyewe hakuna mwingine aliyeuona tangu tuusaini, uko kwangu. Mtu mmoja tu duniani anajua kwamba Ndegwa hakuwepo siku hiyo, na ni wewe. Wakili wa watoto wa Hiram atakuandikia akuulize. Ninachokuomba ni

Ijumaa, 13 Juni

Jana niliishia hapo kwa sababu sentensi ilikataa kuisha. Leo naweza kuimaliza kwa njia nyingine.

Asubuhi nikimimina chai Natalie alipiga simu. Nilidhani ni nyumba. Kumbe hapana. Alisema sauti ya baba yake imeanza kumtoka masikioni, na anatafuta kila mtu aliyekaa naye amwambie kitu, chochote. "Auntie," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjika, "ile siku Daddy alisaini, alikuwa aje? Alikuwa happy? Mlikuwa nani hapo? Please, niambie yote."

Nikamwambia yote. Kwamba tulitoa meza nje kwa sababu ndani kulikuwa na giza la mvua. Kwamba baba yake alivaa sweta ya Mama, mikono ikiishia kwenye viwiko, na akakataa kuivua. Kwamba wewe ulimwaga chai kwenye kona ya karatasi akakuita ndama. Kwamba alisaini, akapuliza wino kama uji wa moto, akasema sasa anaweza kulala.

"Tulikuwa watatu tu," nikamwambia. "Mimi, babako na uncle Kihara. Hakutaka mtu mwingine."

Alilia, kisha akacheka, kisha akanishukuru mara nyingi. Akasema anaiandika yote neno kwa neno, amsomee na kaka yake. Nilipoweka simu chini ndipo nikaelewa nilichosema. Chai ilikuwa imefurika kikombe imeshuka mpaka sakafuni, na mimi nimesimama ndani yake na soksi.

Kwa hivyo lile ombi lifute, mdogo wangu. Wakikuuliza, sema vile ilivyokuwa. Siwezi sasa kumrudia mtoto yule nimwambie kwamba fundi wa cherehani na mkewe walikuwa wamekaa nasi. Siku ile ni kitu pekee alichopata kutoka huku kwetu bila wakili, na mimi ndiye niliyempa. Ndegwa nimemwambia asije. Amenitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, na huenda ndivyo nilivyo.

Nimeogopa, Kihara. Sitakudanganya. Nimeshaanza kufunga vyombo vya Mama kwenye magazeti, kisha navifungua tena kwa sababu nahitaji sufuria.

Wewe na pasi yako ya Kanada, iangalie ile ploti ya Lanet wiki hii, si mwaka ujao. Andika, nenda ofisini kwa watu usiowajua, wasaini wao. Usiniite mimi, usimwite Lynn, usimwite yeyote unayetaka apate kitu. Tuliitana kwa upendo, na angalia.

Msalimie Lynn sana na watoto mmoja mmoja kwa majina. Cherop mpokeeni vizuri, hajawahi kuona baridi.

Mungu akuzidishie siku, na siku ya kuandika akupe mashahidi usiowapenda.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda,
Wamaitha