Mfereji Nilioziba

Jumatatu, 7 Aprili 1975
Nimefagia ua. Mvua tangu saa nane. Mwalimu Okello, mpangaji wa chumba cha nyuma, ameegesha gari kando ya ukuta. Ni mimi niliyemwonyesha hapo, nikihofia wezi wa barabarani. Gari hilo ndilo humpeleka mkewe, Mama Atieno, hospitali. Miguu yake haimshiki.

Jumanne, 8 Aprili
Maji yameshuka kutoka juu alfajiri. Hayakupata pa kutokea. Ua ulijaa kama karai. Gari lilizama hadi usukani. Mwalimu alisimama majini bila viatu. Sikuhisi chochote. Tangu nimzike mume wangu niko hivi.

Alhamisi, 10 Aprili
Fundi amefungua injini. Imekufa. Mwalimu ameuliza kwa upole nani aliziba mfereji wa kutoa maji uani. Nimenyamaza. Niliuziba mimi, Januari, kwa mawe na saruji, nipate pa kujenga banda la kuku. Mama Atieno alinionya tukianika nguo. Nilimjibu kwamba ploti ni yangu.

Jumapili, 13 Aprili
Mwanangu Kariuki amekuja kutoka Murang'a. Mwalimu amenishtaki. Kariuki anasema mvua ni ya Mungu, nikatae kila kitu, hakuna aliyeniona. Nimekubali. Kanisani niliimba bila kusikia maneno.

Jumatano, 14 Mei
Mahakamani. Mwalimu alimbeba mkewe mgongoni, ngazi zote. Watu walipisha.
Hakimu aliuliza kama nilijua mfereji umezibwa. Kariuki alinikazia macho. Nilikuwa nimekariri jibu.
"Niliuziba mimi," nikasema. "Na mama yule aliniambia maji yatakosa njia."
Kariuki akatoka nje. Hakimu amesema mvua si kosa la mtu, lakini kutunza mfereji ilikuwa kazi yangu, na pa kuegesha gari niliwaonyesha mimi. Nitalipa. Shamba la chini litauzwa. Nimerudi kwa miguu, peke yangu.

Jumamosi, 31 Mei
Wamehamia nyumba za shule. Kariuki hajaandika.
Kabla ya kuondoka Mama Atieno aliniita chumbani, akaniuliza kwa nini nilisema.
"Nilikuona mgongoni kwake," nikamwambia.
Akanishika mkono. Tulikaa hivyo kitambo, mpaka Mwalimu akaja kumchukua.
Chumba kina harufu ya dawa yake ya kuchua. Sijafungua dirisha.