Mahali Ufagio Usipopita

Shikamoo mama yangu. Marahaba yako naisikia hadi huku Lubumbashi.

Jana mwenyeji wangu, Mama Odile, alinishibisha bukari, ugali wetu uleule, kwa sombe, yaani kisamvu. Kisha tukaenda mjini kutazama maonyesho ya picha za jirani yake, Nadège. Zote ni nyeusi na nyeupe, na hujui ni picha za nini. Wewe ungesema wamepoteza karatasi bure! Iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa na mistari mingi iliyopinda, imezunguka doa tupu katikati. Mmoja alisema ni maji, mwingine akasema nywele zilizochanwa. Mimi nilidhani kisiwa.

Mama Odile akanishika mkono. "Ile iko lupango yangu."

Kumbe Nadège alipanda ukutani asubuhi akaupiga picha uwanja wa Mama Odile, ndiyo hiyo lupango, mara tu mwenyeji wangu alipomaliza kuufagia, kabla mtu hajaukanyaga.

"Na hapa katikati?" nikauliza.

"Kiti ya bwana yangu ilikuwaka pale. Alikufa, kiti tulipatia ndugu yake, lakini mukono yangu bado inazungukaka."

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaitazama tena kwa muda mrefu, akitabasamu.

Sasa mama, nakujua ulivyo. Kesho ukifagia uani, usikizunguke kigoda changu. Kisogeze, ufagie hapo pangu pote. Mimi narudi.

Mwanao akupendaye,
Rehema