Siku Thelathini za Kughairi

4 Februari

Kwa mke wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na binti yetu na mumewe na wale wajukuu wawili wasioishiwa kelele. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu ni kwako tu. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, nikafurahi kusoma kwamba u mzima kama chuma cha reli. Ila mwandiko wako siku hizi umekuwa mdogo mno, bibi wee. Nimelazimika kuazima miwani ya mlinzi wa getini. Au karatasi zimeadimika huko?

Nina neno, na nimeona nikuandikie kuliko kukupigia. Unanijua mimi na simu. Miaka ishirini na sita kila ikilia ni mtu amekwama kwenye lifti. Hata ukipiga wewe moyo unaruka, natafuta bisibisi kabla sijasema haloo. Simu ni ya kujuliana hali Jumapili, mambo yetu ni ya barua.

Neno lenyewe ni hili: naacha kazi. Sijafukuzwa, siumwi. Naacha kwa hiari yangu nikiwa na miaka hamsini na tano, mitano kabla ya wakati.

Unamkumbuka yule mzee aliyenifundisha kazi, tuliyekuwa tukimwita Bisibisi. Alistaafu mwaka jana, sitini kamili, tukamkatia keki kwenye chumba cha mitambo kule juu ya paa. Alikuwa na mipango mpaka inachosha kuisikiliza. Alitaka kulima mboga, alitaka ajifunze kuogelea, uzee ule! Siku ya arobaini na moja akaanguka bafuni. Jumapili iliyopita nilikwenda kumwona. Upande wote wa kulia umepooza, mkewe anamlisha kwa kijiko. Akanitazama, akaninyooshea kidole mguuni, mguuni kwangu mimi, akalia. Nilitoka pale nikitembea haraka bila kujua naenda wapi.

Mke wangu, nimesafiri robo karne, juu na chini, ghorofa kumi na mbili, na mbele sijaenda hata hatua moja. Sasa nataka kwenda mbele, na nataka twende wote. Tuanze na ile njia ya milimani tuliyokuwa tukiizungumza tukiwa wachumba, siku nne kwa miguu, usiku tunalala kwenye vijumba vya wasafiri. Wewe ulikuwa unatembea kunishinda. Nimenunua viatu vya safari jozi mbili, na vyako nimevituma kwa basi. Namba thelathini na nane, sijasahau.

Najua likizo mbili zimenipita tangu wabadilishe mitambo, na uso wako sijauona zaidi ya miaka miwili. Hiyo ni aibu yangu na nataka kuifuta. Kesho Jumatatu naipeleka barua ofisini. Notisi ni miezi mitatu, na mtu ana siku thelathini za kughairi akibadili nia. Mimi sizihitaji, nimekutajia tu ili usije ukasema nilikuficha.

Ni mimi mumeo,
Panda-Shuka wako

19 Februari

Kwa mume wangu,

Nakusalimu sana. Sisi huku hatujambo, na mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mkubwa wa wajukuu ameng'oka jino la mbele, sasa anapiga mluzi akisema jina lake.

Barua yako nimeisoma na nimeirudia. Viatu vimefika.

Mume wangu, haraka haraka haina baraka. Miaka mitano si mingi. Kazi unaipenda, wenzako wanakuheshimu, na nani atakayeielewa mitambo ile kama wewe? Mzee Bisibisi namhurumia kwa moyo wote, lakini la Bisibisi ni la Bisibisi. Si kila anayestaafu huanguka. Mwanamume akikaa nyumbani kabla ya wakati huanza kukagua sufuria, nayajua ya jirani zangu. Hizo siku thelathini zimewekwa na watu wenye akili. Zitumie kufikiri.

Usinielewe vibaya. Nimefurahi kwamba ulifikiri tutembee.

Mkeo

25 Februari

Kwa mke wangu,

Salamu. Mimi mzima kimwili, moyoni ndipo pana kasoro.

Barua yako imeniacha hoi. Ni wewe uliyeniandikia, mtoto akiwa wa miezi saba, kwamba amekuita mama na amemwita mbeba maji baba. Ni wewe uliyeniuliza kila mwaka, "Lini?" Mpaka siku moja ukaacha kuuliza, na mimi kwa ujinga wangu nikashukuru kwamba umenielewa. Leo nasema nakuja, unaniambia mitambo itabaki na nani! Mitambo ilianza kuwa shemeji yako lini?

Nimecheka hapo, lakini sicheki. Kama kuna mtu amekalia kiti changu, niambie. Kama umenizoea nikiwa barua na hunitaki nikiwa mtu, niambie pia, nitaumia lakini nitajua. Ila usinifunge mdomo kwa methali. Na viatu, umeandika maneno mawili tu. Vinakutosha au havikutoshi?

Barua ya kustaafu niliipeleka tarehe tano kama nilivyosema. Siku thelathini zinakwisha tarehe sita Machi. Nijibu kabla yake.

Mumeo

2 Machi

Kwa mume wangu,

Nakutumia hii kwa dereva wa basi la asubuhi, ikufikie mapema. Salamu za hali nitaziacha, utaona kwa nini.

Viatu vinanitosha. Ni vizuri, vyepesi, rangi ni ile niipendayo. Nilivivaa siku ileile vilipofika, nikakaa kitandani kuanzia saa nne mpaka karibu saa tano nikijaribu kufunga kamba. Nilishindwa. Binti yetu alinikuta hivyo, akapiga magoti akanifunga kama anavyomfunga mwanawe.

Ilianza na kidole gumba cha kulia, miezi michache baada ya likizo yako ya mwisho. Nilidhani ni uchovu wa kushona. Kisha uzi ukawa haupiti kwenye tundu la sindano, kisha mteja akanirudishia gauni kwa upole, akasema ataleta siku nyingine, hakuleta tena. Daktari akanitembeza ukumbini kwenda na kurudi, akaniambia niguse pua yangu, niguse kidole chake. Akasema ni ugonjwa wa kutetemeka, ule wanaouita Parkinson. Hauponi, unacheleweshwa kwa dawa. Natembea hatua fupifupi na mguu wa kulia unaburuta. Cherehani nimempa binti yetu. Nilimwapisha asikuambie, kwa hiyo usimgombeze, mgombeze aliyemwapisha.

Na mwandiko mdogo, mume wangu, si kwamba nabania karatasi. Ni mkono. Naanza herufi nikiitaka kubwa, inanitoka ndogo. Hii ninayokuandikia nimeianza Alhamisi na leo ni Jumamosi.

Utaniuliza kwa nini kila barua niliandika kwamba mimi mzima. Ndivyo barua zinavyoanza. Mara ya kwanza niliandika kwa desturi tu, mkono ulikuwa umezoea. Mara ya pili nilijua ni uongo. Mara ya tatu nikaona nikisema kweli itabidi nieleze na zile mbili. Nawe ukawa unaniamini mpaka unanunua viatu.

Sikiliza sasa. Wewe unaacha kazi ili ufurahie miguu yako ingali na nguvu, na una haki. Sitaki uziache nguvu hizo kwenye kiti cha pembeni mwa kitanda changu. Sikukungoja miaka yote hii ili niwe kazi yako ya pili. Una siku nne. Nenda kaghairi, fanya kazi yako, na ukistaafu wakati wako tutaona Mungu ametuachia nini. Sitakulaumu, nakuapia.

Kiti chako hakijakaliwa na mtu. Ninachoogopa ni uso wako, siku ya kwanza utakaponiona nikinyanyua kikombe.

Mkeo

23 Machi

Kwa mume wangu,

Natumaini u mzima. Jumapili tatu simu haikulia. Dereva wa basi ameniapia kwamba bahasha alikupa mkononi, getini, na ukamshukuru.

Basi nimeelewa. Nilisema sitakulaumu na silaumu. Ila nilikuwa sijui kwamba kimya chako kingekuwa kizito hivi. Niandikie hata mstari mmoja wa kawaida, hali ya hewa, mlinzi wa getini, chochote.

Mkeo

30 Machi

Kwa mke wangu,

Sina salamu zinazostahili kutangulia, kwa hiyo nasema moja kwa moja.

Bahasha niliipokea tarehe tatu, nikapanda nayo kwenye chumba cha mitambo, nikaisoma nimekaa juu ya ndoo ya grisi. Tarehe tano, siku moja kabla ya mwisho, nilishuka ofisini nikaomba barua yangu nirudishiwe. Karani akanipa. Niliighairi, mke wangu. Ni hivyo ulivyoniambia nifanye, lakini usinipe heshima hiyo, sikufanya kwa kukutii. Njia nzima ya kurudi juu nilijiambia nabaki kwa ajili ya matibabu yako, bima ya kazini na mambo kama hayo. Ni uongo. Nilikuwa nimemwona mke wa Bisibisi na kijiko. Nilikimbia kufanana na Bisibisi, haikunipitia akilini kwamba ningeweza kuwa mkewe. Niliogopa, nikajificha kazini. Nikagundua kwamba hapo nimejificha siku nyingi.

Jumapili ya kwanza nilishika simu nikaiweka chini. Ya pili pia. Ya tatu nilijipa kazi ya kusafisha breki ambazo si chafu.

Juzi mwanamke mmoja alikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba, peke yake. Kuna jambo Bisibisi alitufundisha kabla hata ya kutufundisha nyaya: usianze na mashine, anza na mtu. Nenda kwenye mlango, ongea naye, mwambie wewe ni nani na kwamba huondoki. Mashine haitakufa ikingoja, lakini mtu akidhani yuko peke yake atajaribu kutoka mwenyewe, na hapo ndipo watu hufa. Nimeyasema maneno hayo mara elfu. Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango nikasema, "Mama, mimi ndiye fundi. Niko hapa, siendi popote." Sauti ikanikatika. Mle ndani akaniita, "Fundi? Bado upo?" Akaniita tena. Mwenzangu ndiye aliyekuja kumjibu.

Alipotoka alinishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliona haya hata kumtazama. Nilikuwa nimemfanyia mtu nisiyemjua kile nilichoshindwa kukufanyia wewe, na hata yeye sikumfanyia mpaka mwisho.

Mchana ule nilishuka tena kwa karani. Akasema, "Mzee, hii barua nayo inapanda na kushuka?" Nikamwambia hii ndiyo ya mwisho. Notisi imeanza upya, mwisho wa Juni ndio siku yangu ya kutoka. Mara hii sijasema tutakwenda wapi, kwa sababu sijakuuliza. Hata ile ya kwanza sikukuuliza. Nilikuandalia safari kana kwamba wewe ni mzigo wa kupakiwa.

Sasa nakuuliza. Unanitaka, pamoja na haya niliyokuandikia? Ukisema hapana nitakuelewa.

Mumeo

6 Aprili

Kwa mume wangu,

Nakusalimu. Barua hii nimeiandika siku tano, kwa hiyo isome polepole.

Nimekasirika. Nilikuambia ughairi, lakini nilikuwa nikiomba usighairi, nawe ukaghairi. Nimelia siku nzima, nikamwambia binti yetu ni vitunguu, akasema mama, hujashika kisu tangu mwaka jana. Tukacheka mpaka nikakohoa. Jioni niliisoma tena barua yako, nikaona kwamba kwa miaka yote tuliyoandikiana hujawahi kuniandikia kwamba umeogopa. Huwa unaniandikia mzima, mzima, kama mimi. Huyu aliyeogopa namfahamu kidogo. Ningependa kumfahamu zaidi.

Nakutaka. Lakini ujue unakuja kwa nani, usije ukasema nilikuficha. Siwezi kushona. Siwezi kufunga vifungo vya mikononi. Uso wangu umekuwa mgumu, nikifurahi hauonyeshi, itabidi uniulize. Siku nyingine nasimama mlangoni mwa chumba na miguu inakataa kuondoka, na ukinivuta nitaanguka, kwa hiyo usinivute, simama tu karibu. Nikikuambia niache nijaribu mwenyewe, uniache. Ukinitengeneza kama mtambo nitakurudisha huko kwa basi hilohilo.

Ninayoweza ni haya. Asubuhi dawa ikishaingia nina saa mbili nzuri, wakati mwingine mbili na nusu. Nafika hadi kwenye duka la vitabu pale kona na kurudi. Nasoma kwa sauti, sauti yangu ni ndogo lakini ipo. Nimejifunza karata na ninawaibia wajukuu. Saa hizo mbili ni zangu na sijampa mtu. Nitakupa wewe.

Ila mwisho wa Juni ni mbali. Mwaka jana saa hizo nzuri zilikuwa nne. Una likizo mbili ambazo hukuchukua. Zidai sasa, ndani ya notisi, wao ndio waliozikalia. Usingoje keki wala hotuba.

Njoo mapema, mume wangu. Njoo ningali naweza kukufungulia mlango mwenyewe.

Mkeo