Besi Ndani ya Sanduku la Barafu

Ziwa Pinel, Ontario
Jumapili, katikati ya Mei

Kaka yangu mpendwa Garth,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Winnipeg, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Huku tu wazima. Barafu imeyeyuka yote na mbu wameshaanza kutudai damu. Baba anakula vizuri, kila asubuhi anaendesha gari kwenda mjini kunywa kahawa na wenzake, ila mimi amenikasirikia na haniambii kitu isipokuwa cha lazima.

Najua habari zimeshakufikia, maana umbeya wa huku hauhitaji stempu. Ndiyo, nimepigwa faini kwa kukutwa na samaki aina ya besi kabla ya msimu wa kumvua kufunguliwa. Dukani kwa Delphine, tunakonunua chambo, sasa wananiita Mama Besi. Juzi mmoja aliniuliza kama nauza na mayai. Nilicheka, lakini iliniuma.

Ilikuwa Jumamosi, siku nane zilizopita, tumekwenda kutafuta paiki, wale samaki warefu wenye meno makali, ambao wanaruhusiwa. Baba unamjua: majira haya hataki besi aguswe, hata kwa kumvua na kumrudisha, kwa sababu dume ndiye mlinzi wa mayai, na akiondolewa kidogo tu samaki wadogo wanayamaliza. Kwa hiyo tuliukwepa ufuko wa changarawe wanakotagia, tukaingia kwenye ile ghuba ya majani. Tulifunga vijiko vikubwa vya bati vya kuwavutia samaki, na kipande cha waya mbele ya mshipi ili meno ya paiki yasiukate. Baba akavaa glavu zake nene, akaanza kunitania kwamba natupa ndoano kama mtu anayefukuza kuku.

Yeye alipata paiki mzuri, mrefu kama mkono wangu. Mimi nikapata mdogo, nikamtia kwenye sanduku la barafu. Halafu ndoano yangu ikanasa kwenye majani, na nikiwa nimeinama nyuma ya boti nahangaika nayo, nikamsikia Baba akisema amepata paiki mwingine, wa kutosha kikaango. Sanduku likafungwa. Sikugeuka kuangalia.

Gatini tulimkuta askari wa samaki. Baba ndiye aliyemfungulia sanduku, kwa maringo, akimwambia atazame paiki wawili wa mzee na mmoja wa bintiye. Askari akainua besi mnene. Baba akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kumgusa samaki, akavua glavu, akampapasa mdomo. Kisha akanigeukia mimi: “Darlene, wewe! Mtoto niliyemfundisha kwa mikono yangu! Huoni?”

Askari alinitazama, nikamwambia ni wangu. Akaandika jina langu.

Kaka, nakuandikia kwa sababu simu iko jikoni na Baba anasikia kila neno. Mimi nilivua paiki, nilimshika mwenyewe. Yule besi ni wa Baba. Alimtoa kwenye ndoano na kumweka kwenye barafu mchana kweupe, na hakuona kuwa ni besi. Tangu hapo namchunguza. Kahawa anaimimina mpaka inafurika mezani. Gazeti analishika, lakini kurasa hageuzi. Na kila asubuhi anawasha lile gari! Naogopa, Garth. Nikimsikia akirudi ndipo napumua.

Nimemtajia daktari wa macho, akanijibu kwamba aanze kunipima mimi. Hatanisikiliza tena, lakini wewe mkubwa atakusikiliza. Njoo kabla ya mwezi kwisha, ufunguo wa gari uuchukue wewe, na hospitali umpeleke wewe. Habari ya besi usimwambie kamwe. Maisha yake yote amewagombeza watu kwa ajili ya samaki hao, na akijua ni yeye, hatashika mshipi tena.

Wasalimie wifi na watoto, wabusu kwa niaba yangu. Ukifika, Baba atakueleza kwa kirefu jinsi nilivyomwaibisha. Tafadhali usinitetee, mwitikie tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Darlene